Bastola Iliyobaki Rujewa

Siku tuliyomzika mume wangu, mtani wake mmoja, Mngoni, alivaa koti lake la mvua, akachomeka gunzi la mahindi kiunoni, akaanza kutembea kama yeye. Mume wangu alikuwa akiburuta kidogo mguu wa kushoto, na akipanda mlima alishika kiuno. Yule Mngoni aliiga vyote viwili. Alizunguka uwanja wetu pale Kihesa huku wenzake wamekaa getini wakizuia jeneza lisipite mpaka wapewe chochote.

"Mzee, silaha yako iko wapi?" mwenzake akamwuliza kwa sauti.

"Mhehe hatembei bila silaha!"

"Hilo ni gunzi, mzee. Ulishaguguna mahindi yote. Ya kweli iko wapi?"

"Nimeiacha Rujewa kwa mama wa ng'ombe. Ndiye anayeipaka mafuta!"

Watu walicheka mpaka mwinjilisti akageukia ukutani. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote msibani, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Mimi pia nilicheka, kanga mdomoni. Ndipo nikamwona shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hacheki. Alikuwa anatazama viatu vyake kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Nilijua hapo hapo kwamba si utani. Wakati wanamshusha kaburini, mimi nilikuwa nafikiria Rujewa. Siyo jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nieleze kuhusu bastola. Mume wangu alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, kabla hajanioa, akarudi na mguu ule na bastola ya kijeshi iliyokuwa kuukuu tayari wakati huo. Mpini wake ulikuwa wa mbao, na ubavuni kulikuwa na maandishi madogo yaliyofutika. Alisema ni ya jeshi la Mwingereza la enzi za ukoloni, iliyobaki Uganda mikononi mwa watu. Nilipomwuliza aliipataje, alisema, "Niliiokota barabarani." Nilimwuliza mara moja tu. Katika miaka yetu yote niliiona mara tatu, na kila mara alikuwa ameifungua vipande vipande juu ya ungo, anavifuta kimoja kimoja. Uso wake wakati ule sikuuona tena mahali pengine, hata siku tuliyobatiza mtoto wa kwanza.

Niliiogopa. Nilimsihi aiondoe. Siku moja watoto wakiwa bado wadogo akaniambia ameipeleka polisi na mambo yamekwisha. Nilifurahi mno. Jumapili iliyofuata, kwenye umoja wa wanawake wa usharika wetu, nilisimama nikatoa ushuhuda. Nilisema Bwana ameiondoa silaha nyumbani mwangu, amemgusa mume wangu, ameuponya moyo wake na mambo ya vita. Wanawake walipiga vigelegele. Wimbo uliimbwa. Habari ilimfikia mume wangu kabla mimi sijafika nyumbani, maana Kihesa ndivyo ilivyo. Alikula, akanawa, akaenda kuwaangalia nguruwe.

Mwaka ule ule ndipo alipoanza kwenda Usangu kulima mpunga. Alikodi majaruba Rujewa, akawa anakaa huko miezi ya kupanda na miezi ya kuvuna. Mimi nilibaki na mashine yangu ya kufuma masweta ya shule, maana Iringa baridi haiishi na watoto hawaachi kukua. Sikulalamika. Nilidhani tunagawana kazi.

Baada ya arobaini nilimbana shemeji.

"Ni nani huyo mama wa ng'ombe?"

"Shemeji, utani ule. Wangoni wana midomo."

"Mbona wewe hukucheka?"

Akasema, "Ni Msukuma. Mjane. Familia yao ilihamia Usangu na mifugo zamani. Kaka alikuwa anafikia kwake."

"Anafikia."

"Shemeji, unataka niseme neno gani?"

Sikutaka neno jingine. Hilo lilitosha.

Wivu wa mtu aliyekufa ni kazi ngumu kwa sababu huna wa kugombana naye. Nilikuwa nikifuma mkono wa sweta na kujikuta nimefuma mrefu kama wa zimwi. Nilianza kuhesabu miezi. Miezi ya kupanda, miezi ya kuvuna, huyo alikuwa naye. Miezi ya baridi na kikohozi, mimi. Nilimchora huyo mwanamke kichwani: mara mwembamba, mara mnene, mara kijana. Nilimpa meno mabovu, kisha nikamrudishia mazuri, kwa sababu wivu hautaki mwenzako awe mbaya. Akiwa mbaya, mume wako alifuata nini?

Lakini nikisema ukweli, kitanda hakikuniuma sana kama bastola. Tulikuwa watu wazima, na wanaume wanaokwenda kulima mbali nawajua. Kilichoniuma ni kwamba aliniambia ameiondoa duniani, kumbe aliiondoa kwangu tu. Kitu pekee kilichomfanya awe na uso ule, alikichukua akaenda kukiweka kwa mwingine.

Karibu mwaka ulipita. Siku moja mchana nimekaa kwenye mashine, simu ikalia, namba siijui.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni wa Rujewa."

Niliizima mashine. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Nakusikiliza," nikasema.

"Nina kitu cha marehemu hapa. Kile cha chuma."

"Najua."

"Eh. Unajua." Alisema hivyo kama aliyekuwa amejiandaa kueleza mengi na sasa hana pa kuyaweka. "Basi ni hivi. Mwanangu ameoa, wajukuu wanne wamejaa humu ndani, wanapekua kila kitu. Mimi siwezi tena kukaa nacho. Kuna mtu wa Makongolosi, ana shimo lake la dhahabu, amekiona. Amesema atanipa mtamba."

"Mtamba wa ng'ombe?"

"Wa nini tena? Lakini nikajisemea, wewe ndiye mwenye ndoa. Ukitaka, nitakupa wewe kwanza. Kwa mtamba huo huo. Sitakupandishia."

Nilimwambia nitafikiri. Nilipokata simu sikuiwasha mashine tena siku hiyo. Mwenye ndoa! Alivyolitamka, utadhani ni cheo cha kanisani, kama mzee wa baraza anayepewa kiti cha mbele na hakuna anayemsikiliza.

Nilifikiri siku tisa. Mtamba sikuwa nao, lakini nilikuwa na nguruwe, na nguruwe watatu wakubwa wangeleta mtamba. Hilo halikuwa shida. Shida ni kwamba kuwa na kitu kile bila kibali ni jela. Nilijua hivyo, sihitaji elimu zaidi ya darasa la saba kulijua. Na ningeiweka wapi? Kabatini pamoja na Biblia? Chini ya nyuzi? Sijui kuishika. Sina adui. Kila nilipojiuliza ya nini, jibu lilikuwa moja, nalo ni la kitoto: isiwe kwake.

Nilimweleza shemeji. Alishika kichwa.

"Shemeji, unataka kuninunulia kesi? Polisi wakija watauliza mwanaume wa ukoo. Mwanaume wa ukoo ni mimi."

"Nanunua mimi, siyo wewe."

"Mwache yule wa Makongolosi achukue."

"Akampige nayo mtu shimoni?"

"Aa, sasa umekuwa na huruma na wachimbaji!" Alicheka, kisha akaniangalia vizuri. "Wewe hutaki bastola. Unataka kumnyang'anya."

"Ndiyo," nikasema.

Hakutegemea jibu hilo. Wahehe ni wabishi, na mbishi ukimkubalia anabaki hana kazi. Alichukua kofia yake, akaondoka.

Wiki hiyo gari la matangazo lilipita mtaani. Mwenye silaha asiyo na kibali aisalimishe kituo chochote cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya mwezi kwisha, hatashtakiwa. Niliambiwa limetangazwa mikoa yote. Nilisikia kama mtu anavyosikia tangazo la chanjo ya mbwa wakati hana mbwa. Niliuza nguruwe watatu, nikafunga pesa kwenye kitambaa, nikachukua kapu langu, nikapanda basi la Mbeya asubuhi. Nilikuwa nimeamua, na nilishampigia kumwambia nakuja. Nanunua.

Nilishuka Igawa, nikapanda bodaboda kuingia Rujewa. Mimi ni Mbena wa milimani. Ule uwanda ulinichosha macho, hakuna hata kilima cha kupumzishia. Kila mahali mashine za kukoboa mpunga zinanguruma na pumba zinaruka. Nilifikiria mume wangu akipita hapa na mguu wake, pasipo na mlima wa kumshikisha kiuno. Labda huku hakuumwa. Nililichukia wazo hilo.

Alikuwa ananisubiri mlangoni. Hakuwa yeyote kati ya wale niliowachora. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, mweusi, mwenye miguu mikubwa iliyopasuka visigino kama yangu. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Nami nilikuwa nimevaa gauni langu la Pasaka. Tuliangaliana nguo, kila mmoja akajua kwamba mwenzake amejiandaa.

"Kamwene," akanisalimu, kwa Kihehe.

Hilo lilinichoma kabla hata sijakaa. Nani alimfundisha, ng'ombe?

"Habari za hapa," nikajibu kwa Kiswahili.

Wajukuu walikuwa wamejaa kweli. Aliwafukuza wote nje kwa neno moja, akafunga mlango, akaleta chai ya maziwa. Maziwa yalikuwa mengi kuliko chai. Kisha akapanda juu ya stuli, akatoa kifurushi darini, akakiweka kwenye ungo katikati yetu. Akakifungua.

Ilikuwa inang'aa. Hicho ndicho kilichonipata. Nilitegemea kukuta kutu. Kumbe ilikuwa safi kuliko nilivyoiona mwisho, mbao za mpini zimepakwa mafuta, na ungo wenyewe ulikuwa na madoa ya mafuta ya miaka.

"Ungo huu alikuwa anautumia yeye?" nikauliza.

"Ndio huu. Mimi nilikatazwa kupepetea."

"Kwangu alitumia wangu, nami nikapepetea."

"Basi wewe ulikula mafuta ya bunduki," akasema, tukacheka kidogo wote wawili, kisha tukajuta.

Nilinyoosha mkono nikaigusa. Ilikuwa ya baridi na nzito. Nikasema, "Umeitunza."

"Nilizoea kuiona safi. Tangu afe naifuta kila Jumamosi, sijui kwa nini. Yeye mwenyewe hakuniruhusu. Alikuwa anaifuta yeye, anasimulia, mimi nasikiliza."

"Anasimulia nini?"

Aliniangalia. "Si habari za yule mtu."

"Mtu gani?"

Hapo akajua. Niliona anajua, na niliona anatafuta namna ya kurudi nyuma, kama mtu aliyekanyaga jaruba la mwenzake usiku. "Labda nimechanganya," akasema.

"Hujachanganya. Mimi aliniambia aliiokota barabarani. Niambie."

"Mama..."

"Nimetoka Kihesa. Niambie."

Aliniambia akiwa anatazama ungo. Alisema mume wangu na mwenzake mmoja waliingia uwanja wa nyumba moja kule Uganda, wakamkuta ofisa wa upande wa pili, mtu mzima, amekaa kwenye kiti barazani na bastola hii mapajani. Hakuiinua. Aliomba maji kwa mkono tu, maana lugha hawakuelewana vizuri. Mume wangu akampa chupa yake. Yule mtu akanywa taratibu, akarudisha chupa, kisha akaigeuza bastola, akamkabidhi kwa upande wa mpini, kama unavyompa mgeni kisu. Mume wangu akapokea. Akasema asante. Kabla hajaipindua mkononi, mwenzake akampiga yule mtu risasi pale pale kitini.

"Alikuwa anasema, sikuteka, nilipewa," yule mwanamke akasema. "Anasema, mtu akikupa kitu halafu ukaacha auawe mbele yako, kile kitu utakirudisha kwa nani? Ndiyo maana hakuweza kukipeleka polisi. Alijaribu, mama. Alifika mpaka mlangoni pa kituo kule kwenu, akarudi. Ndipo akaja nayo huku."

Nilikaa. Nje wajukuu walikuwa wanagombea kitu, kuku wanalia. Nilimwuliza swali ambalo mpaka leo natamani nisingeuliza.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Hilo usiniulize."

"Nakuuliza."

"Utaumia."

"Nimeshaumia. Jibu."

Akavuta pumzi. "Alisema, mke wangu ni mwema, lakini nikimwambia atasimama kanisani. Ataniombea na watu watapiga vigelegele. Alisema, mimi sitaki kuombewa. Nataka mtu akae."

Sikulia. Mimi silii mbele za watu, na siku hiyo nilikuwa na sababu ya ziada ya kutolia. Niliona ile Jumapili yote kama ilivyokuwa, mimi nimesimama na kilemba changu, nasema Bwana ameuponya moyo wake, naye nyumbani na bastola bado iko, labda kwenye gunia la pumba za nguruwe, anasikia ushuhuda wangu kutoka kwa jirani. Nilimsifu Mungu kwa jambo ambalo halikutokea, na nikalisema kwa sauti kubwa hivi kwamba hakuweza tena kuniambia kwamba halikutokea.

Kwa hiyo mlango niliufunga mimi. Lakini kujua hivyo hakukuuondoa wivu. Watu husema ukijua kosa lako moyo unatulia. Wivu wangu uliongezeka. Ningekuwa sina kosa ningemlaumu yeye na mambo yangekwisha. Sasa nilikuwa namtazama mwanamke aliyepata kitu kwa sababu tu alijua kunyamaza, kitu ambacho na mimi, kwa Mungu wangu, ningeweza kukifanya kama ningeambiwa ndicho kinachotakiwa.

Nilitoa kitambaa cha pesa nikakiweka karibu na ungo. Kisha nikakirudisha kapuni.

"Sinunui," nikasema.

"Kwa nini sasa?"

"Nilikuja kununua nisichokijua. Ulichonacho wewe hakiuziki, umenipa bure sasa hivi, na bado ni chako. Hiki chuma nikiondoka nacho nitakuwa mwizi wa kitu cha watu wawili niliowakuta wanaongea."

Sidhani alinielewa. Mimi mwenyewe nilielewa nusu. Alisema, "Basi kitakwenda Makongolosi. Yule mtu anakuja Alhamisi."

"Hakiendi Makongolosi."

"Mama, wewe hununui na unanikataza kuuza. Ndivyo Wahehe mlivyo?"

"Mimi ni Mbena."

"Ni wale wale!"

"Marehemu aliogopa kukirudisha kwa sababu hakujua pa kukirudisha. Wewe unataka kumpa mtu ambaye atakitumia shimoni, kimpige kijana wa watu tumboni. Hadithi uliyonisimulia sasa hivi, uliisikia miaka mingapi? Na hicho ndicho ulichoelewa?"

Nilisema hivyo kwa ukali, na sitajisingizia hekima. Nilifurahi kupata kitu kimoja ambacho mimi nimekielewa kumpita yeye. Mjukuu mmoja akasukuma mlango, akauliza kama mgeni ameleta mkate. Bibi yake akamwambia mgeni ameleta maneno.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikipeleka polisi watanifunga."

"Kuna tangazo. Mpaka mwisho wa mwezi hawamshtaki mtu."

"Tangazo la redioni na polisi wa mlangoni siyo kitu kimoja."

"Twende wote."

Tulikwenda kwa miguu, bastola ndani ya kapu langu chini ya kanga, yeye kushoto mimi kulia, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa kapu, maana lilikuwa zito na pia, nadhani, hakuna aliyetaka mwenzake alibebe peke yake. Mtu akitutazama angesema dada wawili wanatoka gulioni.

Kwenye kaunta ya kituo alikuwepo askari mmoja kijana, amefungua biskuti. Nilimweleza tumekuja kusalimisha silaha. Akadhani ni panga. Nilipoweka kifurushi mezani na kukifungua, alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. Aliikagua, akaona haina risasi, akapumua, akamwita mwenzake aje aone. "Hii imezeeka kuliko mkuu wa kituo," mwenzake akasema. Walikuwa watu wazuri. Akachukua kitabu kikubwa.

"Hakuna kesi hapa, msiogope," alisema. "Sitawauliza mengi. Lakini lazima niandike. Mwenyewe alikuwa nani?"

Nikataja jina la mume wangu.

"Yuko wapi?"

"Marehemu."

"Poleni. Silaha ilikuwa inatunzwa wapi?"

Yule mwanamke alifungua mdomo. Nilimsikia akivuta pumzi ya kusema, kwa woga, ukweli. Hakuna kesi, askari ameshasema. Ukweli haukuwa na hatari yoyote. Nami katika maisha yangu sikumbuki kudanganya mbele ya kitabu cha serikali wala cha kanisa.

"Ilikuwa kwangu," nikasema. "Kihesa, Iringa. Nyumbani kwetu. Mimi ni mke wake."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Aliacha kuandika. "Kihesa? Mbona umeileta huku, mama?"

"Niliona aibu kuipeleka kule ninakojulikana."

"Umesafiri nayo kwenye basi?"

"Ndani ya kapu."

"Bibi, wewe ni hatari," akasema, mwenzake akacheka. Akamnyooshea kalamu yule mwanamke. "Na huyu ni nani?"

"Mwenyeji wangu," nikasema.

Akaandika. Nilikuwa naona kalamu inavyokwenda lakini maandishi yalikuwa yamenigeukia, nikamwomba anisomee. Akanisomea: silaha aina ya bastola, ya zamani, mali ya marehemu fulani, imetunzwa na mke wake nyumbani kwao Kihesa, Iringa. Nikamwomba anisomee tena. Akadhani sikusikia vizuri, akasoma polepole, kwa heshima, kama anavyosomewa mtu mzima. Nikatia saini.

Tulipotoka nje, jua lilikuwa kali. Yule mwanamke alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama wanavyofanya kwao.

"Dada," akasema, mara ya kwanza kuniita hivyo. "Umenisitiri. Umejitwisha jambo langu. Sitalisahau mpaka naingia kaburini."

Mikono yake ilikuwa inanuka mafuta ya bastola. Ningeweza kumwambia hapo hapo kwamba sikumsitiri, kwamba nilimwibia, na kwamba ningerudia tena kama askari angefungua ukurasa mwingine. Bodaboda moja ilikuwa inasubiri abiria hapo nje.

"Usijali," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyetenda wema.